Pesti au pedi? Pima mwanya kwanza

Ukifungua laptopu iliyotumika, ile ya ofisini iliyotoka Uingereza au Dubai ikaishia Kariakoo au Moi Avenue, chini ya kifuniko utakuta vitu viwili. Juu ya prosesa kuna kitu kama tope, cheupe au cha kijivu, mara nyingi kimeshakauka na kupasuka. Pembeni, juu ya chipu ndogo ndogo, kuna vipande laini vya mpira mpira, vya buluu, vya kijivu au vya waridi. La kwanza ni pesti ya joto, la pili ni pedi za joto. Kazi yake ni ile ile: kuvusha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye hitisinki, yaani lile bamba la shaba au alumini lenye mapezi linalopulizwa na feni.

Kwa kuwa kazi ni moja, wengi hudhani moja inaweza kushika nafasi ya nyingine, na madukani husaidiwi. Huyu atakwambia pedi ndiyo ya kisasa, haikauki. Jirani yake atakwambia pedi za nini, paka pesti kote. Ukimfuata yeyote kati yao mpaka mwisho, mashine utaiharibu.

Mimi naangalia kitu kimoja kabla ya bei na kabla ya jina la kampuni: mwanya kati ya chipu na chuma. Kama chuma kinaikalia chipu moja kwa moja na skrubu zinaibana, hapo ni pesti. Kama chuma kinapita juu ya chipu bila kuigusa, hata kwa nusu milimita, hapo ni pedi. Mtengenezaji alishaamua siku alipochonga lile bamba. Wewe unachofanya ni kusoma alichoamua.

Hesabu ambayo boksi halikuambii

Boksi la pesti au pedi huandikwa namba kubwa yenye W/mK pembeni. Ni kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha joto: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bora. Shaba ni karibu 400. Hewa ni takriban 0.026 tu, na hewa ndiyo adui hapa, maana uso wa chuma na wa chipu, hata ukionekana umenyooka na kung'aa, una mikwaruzo na mabonde ambamo hewa hujificha. Pesti inaingia humo na kuifukuza. Kwenye maboksi utaona HY510, ile ya kijivu ya bei poa iliyojaa madukani, ikiandikwa 1.93; GD900 ikiandikwa 4.8, MX-4 ya Arctic 8.5, Kryonaut ya Thermal Grizzly 12.5. Halafu unaokota pedi iliyoandikwa 12 au zaidi na unajiambia, basi hii imeipita pesti yangu, niiweke kwenye prosesa.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Namba ile ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni unene. Joto linalobaki nyuma kwenye chipu ni sawa na wati za chipu mara unene wa kilichopo katikati, gawanya kwa W/mK mara eneo. Tuchukue laptopu ya ofisini yenye prosesa ya wati 15, na chipu yenyewe ina eneo la milimita za mraba 120. Pesti ikibanwa vizuri hubaki na unene wa kama mikroni 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kwa pesti ya W/mK 5, tofauti ya joto kati ya chipu na hitisinki inakuwa nyuzi 1.25 hivi. Weka mahali pake pedi ya milimita moja yenye W/mK 6, namba iliyo kubwa kuliko ya pesti, na tofauti inapanda hadi nyuzi 21. Hata ukipata pedi ya nusu milimita bado ni nyuzi 10 na ushee.

Sasa chukua laptopu ya gemu au ya kuhariri video yenye prosesa inayokula wati 45, eneo tuliache lile lile. Pesti: chini ya nyuzi 4. Pedi ya milimita moja: zaidi ya nyuzi 62. Ukijumlisha joto la chumba cha Dar au Mombasa mwezi wa pili, na prosesa nyingi za laptopu za Intel huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, mashine haitafanya kazi ya maana. Itawaka, itapunguza kasi, na wewe utasema Windows imeharibika.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini sipendi mtu atoe hela nyingi kwa pesti ya kifahari kwenye laptopu ya wati 15. Kutoka W/mK 5 kwenda 10 unaokoa nyuzi isiyofika moja. Kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya wati 150 au zaidi, hapo unaweza kuanza kujadiliana.

"Fundi, si uniwekee pedi kote, nisirudi tena mwakani?" Swali hili huulizwa sana, na mwulizaji huwa ana hoja: pedi kweli haikauki haraka na haimwagiki. Lakini pedi kwenye prosesa haitakufikisha mwakani, bosi. Utarudi wiki ijayo.

Mahali ambapo pedi ndiyo mfalme

Geuza sasa upande wa pili. Kwenye kadi ya grafiki, katikati kuna chipu kuu, na kuizunguka kuna chipu za kumbukumbu na safu ya vipande vya kusambazia umeme. Vyote havilingani urefu. Bamba moja la chuma haliwezi kuvigusa vyote kwa usawa wa mikroni, kwa hiyo mtengenezaji hulifanya likae barabara juu ya chipu kuu, penye joto kubwa, na kwingine anaacha mwanya wa nusu milimita, milimita moja, moja na nusu, mpaka mbili. Mwanya huo hujazwa kwa pedi.

Chipu moja ya kumbukumbu ya kadi ina ukubwa wa kama milimita 12 kwa 14. Tuseme inatoa wati 2.5. Pedi ya milimita moja yenye W/mK 6 juu yake inaacha tofauti ya nyuzi 2.5 tu. Ile pedi iliyoshindwa vibaya kwenye prosesa, hapa inatosha na chenji inabaki, kwa sababu joto lenyewe ni dogo na eneo ni kubwa.

Ndiyo maana kosa linalonikera kuliko yote ni la fundi anayekwangua pedi zote, anazitupa, halafu anapaka pesti kila mahali kwa nia njema. Pesti ni ute. Haiwezi kusimama kwenye mwanya wa milimita moja. Hata ukiirundika, joto likipanda inashuka, inatambaa pembeni, na katikati inabaki hewa. Mteja anarudishiwa kadi inayoonyesha joto zuri la chipu kuu, anafurahi, na wiki chache baadaye picha inaanza kutoa vidoadoa na mistari. Kumbukumbu zilikuwa zinapikwa kimya kimya, maana programu nyingi hazionyeshi joto lake.

Kisa kinachojulikana cha jambo hili ni kadi za Nvidia RTX 3080 na 3090 zilizotoka mwaka 2020. Zilikuja na kumbukumbu aina ya GDDR6X kutoka Micron, zenye joto kali, na kwenye 3090 nusu ya chipu hizo zilikaa mgongoni mwa bodi, mbali na feni. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizichosha usiku na mchana, na wengi waliona kumbukumbu zikifika nyuzi 110, ambapo kadi hujipunguzia kasi. Dawa iliyosambaa ikawa kubadilisha pedi. Ilifanya kazi, ila ilizaa ugonjwa mwingine: walionunua pedi nene kuliko za mwanzo, au ngumu kuliko za mwanzo, waliona joto la chipu kuu likipanda. Pedi zilikuwa zimeliinua bamba. Chuma kilikuwa hakiikalii tena chipu kuu, na pesti iliyokuwa mikroni 50 ikawa tabaka nene.

Kwa hiyo kwenye pedi, unene ni wa kwanza, ulaini wa pili, W/mK ni wa tatu. Pedi inatakiwa ibonyee kidogo inapobanwa, si igome.

Kupima mwanya

Pedi ya zamani ikitoka nzima, ipime kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya za kupimia unene, kwenye ukingo ambao haukubanwa. Sehemu ya katikati imeshabonyezwa kwa miaka, itakudanganya. Ikiwa imevunjikavunjika, tumia plastisini ya watoto: bandika vidonge vidogo juu ya chipu vikiwa na kipande cha nailoni laini juu yake visigande kwenye chuma, rudisha bamba, kaza skrubu zote kwa mpangilio wake, fungua tena, na upime unene wa kilichobaki. Pedi unayonunua iwe nene kidogo kuliko kipimo hicho ili ibanwe.

Baada ya kuweka pedi mpya na pesti mpya, kabla hujafunga kabisa, fungua mara moja uangalie. Pedi iliyofanya kazi ina alama ya chipu, pembe nne zikionekana wazi kwenye mpira. Pedi isiyo na alama haikugusa kitu, na hapo hakuna cha kubishana. Upande wa pesti, alama iwe imesambaa chipu nzima, nyembamba, bila mahali palipo mtupu na bila rundo nene upande mmoja. Ukishaona hivyo, futa pesti, paka upya, funga. Pesti iliyofunguliwa hairudishwi, kwa sababu imeshaingia hewa. Pedi ambayo haikuchanika inaweza kurudi.

Na toa nailoni. Pedi mpya huja na karatasi ya nailoni pande zote mbili, moja ikiwa nyembamba mno kiasi cha kutoonekana. Zipo mashine zilizofungwa na nailoni yake ndani.

Pesti yenyewe

Kwenye kompyuta ya mezani, ambapo prosesa ina kofia ya chuma, punje ya ukubwa wa mbaazi katikati inatosha, na mgandamizo wa hitisinki utaisambaza. Prosesa ndefu kwa umbo, kama za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea, napendelea mstari au msalaba. Kwenye laptopu chipu iko wazi bila kofia, kwa hiyo sambaza tabaka jembamba mpaka pembeni, maana kona isiyofikiwa haina kofia ya kuisaidia kugawa joto. Skrubu za laptopu mara nyingi zimeandikwa namba 1 mpaka 4 kwenye bamba. Fuata namba hizo, zungusha kidogo kidogo, usikaze moja hadi mwisho ndipo uende nyingine.

Kusafisha ni kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichotoa nyuzi. Dawa ya meno isahau. Ndiyo, video zipo, na ndiyo, saa za mwanzo inaonekana kufanya kazi. Ina maji, maji yanakauka, na unabaki na chaki.

Udhaifu wa pesti ni muda. Kila mashine inapowaka na kupoa, chuma na chipu hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na pesti husukumwa kidogo kidogo kwenda pembeni. Kwenye laptopu hili hutokea mapema kuliko kwenye kompyuta ya mezani, kwa sababu chipu iko wazi na joto linapanda na kushuka mara nyingi. Pesti nzuri kwenye kompyuta ya mezani inaweza kukaa miaka mitano bila shida. Kwenye laptopu inayochapwa kazi, mimi huiangalia baada ya miwili au mitatu.

Ukiwa na prosesa ya AMD ya soketi AM4, ile yenye pini chini, usivute hitisinki ikiwa baridi. Pesti iliyokauka hugandisha, na prosesa hutoka nayo kwenye soketi huku pini zikipinda. Washa mashine dakika kumi ipate moto, zima, chomoa waya, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua. Soketi AM5 iliyokuja mwaka 2022 haina pini kwenye prosesa, na prosesa imebanwa kwa fremu.

Pedi ambayo ina tabia ya pesti

Katikati ya hizi mbili kuna kitu ambacho kwa laptopu yangu mwenyewe ndicho ningenunua leo: pedi inayoyeyuka, maarufu zaidi ikiwa PTM7950 ya Honeywell. Unaikata na kuibandika kama pedi, ni karatasi ya robo milimita hivi. Joto likifika kama nyuzi 45 inalainika, skrubu zinaibana, inakuwa nyembamba na kujaza mabonde sawa na pesti. Mashine ikipoa inaganda tena, kwa hiyo haisukumwi pembeni kirahisi. Lenovo wameitumia kwenye baadhi ya laptopu zao za Legion. Mara ya kwanza utaona joto liko juu kidogo. Iwashe, ipe kazi nzito, izime ipoe, rudia, na namba zitashuka.

Kasoro yake ni bei, na bidhaa feki zimejaa. Pia inanata kabla hujaiweka. Iache dakika kadhaa kwenye friji ndipo ubandue nailoni, vinginevyo itachanika mkononi.

Ila isikuchanganye jina: hii ni ya kuweka kwenye prosesa na chipu kuu, penye mgandamizo. Haijazi mwanya wa milimita moja.

Kwa mwanya usiojua unene wake kuna pati ya joto, ute mzito unaofinyangwa na kuwekwa kama vidonge juu ya kumbukumbu. Inajikadiria yenyewe unapokaza skrubu, kwa hiyo haliinuki bamba. Inachafua, ni kazi kuisafisha, lakini kwa fundi anayepokea kadi za kila aina bila kujua vipimo vyake, naiona ni nafuu kuliko kuweka akiba ya pedi za unene tano.

Pedi ya kaboni nayo ipo, kama Carbonaut, karatasi nyeusi inayoweza kutumika tena na tena. Inapitisha umeme. Kipande kikitokeza nje ya chipu ya laptopu na kugusa vijisehemu vya pembeni, umeua bodi. Kwenye prosesa yenye kofia sina neno nayo.

Metali ya maji niiseme haraka kwa sababu ya PS5. Sony waliiweka kiwandani tangu 2020. Ni mchanganyiko wenye galiamu, unapitisha umeme, na unaila alumini mpaka inamumunyuka. Kama hujui unachokifanya, usiifungue PS5 kwa sababu tu umesikia "inahitaji pesti mpya". Ile PS4 ya kibanda cha gemu, inayovuma kama jenereta ikifika robo fainali, hiyo sawa: pesti kwenye chipu kuu, pedi kwenye kumbukumbu na sehemu za umeme, kila moja irudi pale pale ilipotoka.

Kabla hujatoa hela

Toa vumbi. Kwenye laptopu nyingi zinazoletwa zikiwa na joto, kati ya feni na mapezi kuna blanketi la vumbi lililoshikana, na hakuna pesti ya W/mK yoyote itakayovusha joto kwenye hewa isiyopita. Shika panga za feni kwa kidole unapopuliza, zisizunguke kwa kasi zikaharibu beringi. Kisha pima: HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la mashine, ni bure, endesha kazi nzito dakika kumi na tano, andika joto la prosesa, la chipu ya grafiki na la kumbukumbu kama linaonyeshwa, pamoja na joto la chumba siku hiyo. Rudia baada ya kazi. Bila namba za kabla, hutajua kama ulisaidia au uliongeza tatizo.

SSD ndogo ya M.2, ile kadi nyembamba ya kuhifadhia mafaili, kwenye laptopu ya kawaida haihitaji chochote zaidi ya ilichokuja nacho. Ukihamisha mafaili makubwa kila siku, pedi ya nusu milimita au milimita moja kati yake na kifuniko cha chuma inasaidia, ilimradi kifuniko hakiikunji bodi ya SSD kinapofungwa. Pesti hapo haina nafasi.

Mtu wa laptopu moja: bomba moja la pesti ya daraja la kati, gramu mbili hadi nne, na pedi ununue tu kama za zamani zimechanika au zimekuwa ngumu na kutoa mafuta. Pedi inayobonyea bado na yenye alama safi ya chipu iache ilipo. Mtu wa kadi za grafiki na konsoli: bomba hilo hilo, karatasi za pedi za nusu, moja na moja na nusu, au pati. Bomba likishafunguliwa lifunge kifuniko chake na lihifadhiwe mahali penye ubaridi pasipo jua. Ukiona mafuta yanatangulia kutoka kabla ya pesti, kamua kidogo pembeni mpaka rangi irudi kuwa moja, na ikigoma kurudi, nunua jingine.